Samaki kwa Maziwa

Jirani yangu wa Kensington, huku kusini mwa Afrika, bibi wa Kiingereza, alipofiwa na mumewe majira ya baridi ya 2017, watu walimletea maua. Maua! Baraza ilijaa mpaka pa kukanyaga hapakuwepo. Nikamwambia mume wangu, "Hivi maua yanaliwa?" Kwetu Tanga mfiwa hawashi jiko. Majirani ndio wanaopika, kazi yake yeye ni kulia tu. Basi nikapika pilau, nikampelekea bakuli zima.

Alipokea, akanishukuru sana. Kesho yake bakuli likarudi limeoshwa, linang'aa, tupu. Tupu! Nikapeleka wali wa nazi, mambo yakawa yale yale. Nilikasirika, siwezi kusema uongo. Bakuli la jirani halirudi tupu, hata ndimu mbili utatia.

Wiki ile nikamkuta getini. Koti lake lilikuwa limemmeza. Hasira zangu nikazitoa hapo hapo: "Bibi, kwetu bakuli la jirani halirudi tupu." Akaanza kulia. Akaniambia chakula changu alikuwa anampa mlinzi wa mtaa, kwa sababu kwake hakuna kinachopita kooni tangu mazishi. Na binti yake aliyeko Cape Town alishamwambia: akiendelea kukonda hivi, mwisho wa mwezi anapelekwa nyumba ya wazee, na hapa panauzwa. Masikini! Hasira zikaniisha zote. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikajisemea. Mimi ndiye niliye karibu.

"Sasa ungeweza kula nini?"

"Pai ya samaki," akasema. Mumewe ndiye aliyekuwa akiipika kila Ijumaa. Samaki anachemshwa kwenye maziwa, anatiwa njegere, juu anafunikwa viazi vya kuponda na siagi, kisha kwenye oveni mpaka viazi vigeuke rangi.

Maziwa? Sisi tumelelewa tukijua samaki na maziwa havikutani tumboni. Ukivichanganya unatoka mbalanga, ngozi yote madoa meupe. Mtu kafiwa, halafu mimi nimwongezee mbalanga? Thubutu! Nikaenda duka la Mkongo pale karibu na robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, nikanunua tui la kopo. Samaki nikamwosha kwa ndimu, nikatia na pilipili, kidogo tu.

"Hiyo pai ya Tanga hiyo," mume wangu akanicheka.

"Wewe ponda viazi, nyamaza."

Nikampelekea kwenye bakuli lile lile. Bibi alionja kijiko kimoja, akasita. "Umetia nini humu?" Nikamweleza yote, tui na mbalanga. Lo! Alicheka mpaka akashika meza. Akasema amekula samaki kwa maziwa maisha yake yote, akanikunjia mkono wa sweta nimkague. Kweli, doa hakuna. Lakini baada ya vijiko vitatu akasukuma sahani, akasema ameshiba. Vijiko vitatu si chakula cha mtu mzima. Nikarudi kwangu moyo mzito.

Ijumaa iliyofuata mlango ukagongwa. Ni yeye, kashika bakuli langu kwa taulo, linatoa moshi. Pai. Kaipika mwenyewe.

"Ya maziwa?" nikauliza.

"Ya maziwa. Halijarudi tupu." Akakaa mezani kwangu. "Mimi bado sijaionja. Peke yangu siwezi. Tule wote."

Nikapakua sahani mbili. Kijiko chake hakukigusa, ananitazama mimi. Eish! Nikaangalia mikono yangu, ngozi yangu nzuri hii aliyonipa Mungu. Nikasema Bismillahi, nikala. Na ilikuwa tamu, jamani, laini, inapasha moto kifua kizima.

Aliponiona nimemeza, naye akaanza. Akala. Akaongeza. Mwishowe tukawa tunagombania ukoko wa viazi uliogandia pembeni, na aliyeshinda ni yeye. Simu yake ikalia palepale mezani, binti. Nikamsikia akimwambia, mdomo umejaa, "Siendi popote. Ijumaa nampikia jirani."

Asubuhi nilisimama mbele ya kioo nikajikagua mwili mzima. Nilifanya hivyo kila Jumamosi mwaka ule, maana hakuna Ijumaa aliyokosa kuja.