Nyigu Waliolinda Nyumba ya Mshonaji

Jumamosi, tarehe nane Februari, nilikuwa uani nikianika maharagwe kabla ya mvua ya mchana, lori liliposimama mbele ya nyumba yangu hapa Mususa, mjini Butembo. Dereva wake, Mwislamu wa Beni ambaye mtakutana naye tena hapa chini, alishuka akiwa ameshika kofia yake mkononi, naye si mtu wa kuvua kofia ovyo. "Madamu," akaniambia, "tumemurudisha mama." Ndivyo nilivyopata habari kwamba mshonaji wa mtaa wetu, aliyekuwa amekwenda Beni kumtazama mtoto wa dereva huyo, alifariki huko kwa homa. Jeneza lake lilikuwa nyuma ya lori, chini ya turubai, na lilikuwa limepita vizuizi vyote vya barabara bila askari kuthubutu kulifungua. Niliyaacha maharagwe pale pale. Mvua ikayanyeshea, nami sijutii.

Wengi wenu mlimjua kwa sare za shule alizoshona kwa cherehani ya kukanyaga, na kwa ulimi wake ambao haukumwacha mteja aondoke bila kucheka. Mimi nataka mumjue kwa jambo jingine. Marehemu mumewe alimwachia nyumba ya pili, ndogo, ya mbao na mabati, inayotazama barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Rughenda. Katika vita vya kwanza wapangaji wake walikimbilia vijijini, nyumba ikabaki tupu, na nyigu wakajenga juu ya mlango wake, chini kabisa ya mabati, kiota kikubwa kama chungu cha kupikia. Kwa kawaida jambo hilo lina dawa inayojulikana na kila mtu kwetu: majani makavu ya mgomba hufungwa kwenye mti mrefu, yakawashwa giza likiingia, na kiota kikateketezwa. Lakini nani angewasha moto gizani, karibu na uwanja wa ndege, wakati askari wanafyatulia risasi hata kibatari? Tena nyumba yenyewe ni mbao. Kiota kikabaki.

Kisha askari walioshika uwanja wakaanza kujichukulia nyumba zisizo na watu. Mmoja wao alifika kwenye mlango ule, akaugonga kwa kitako cha bunduki hadi mabati yakatikisika, na nyigu wakashuka kumpokea. Alikimbia mpaka mtaroni. Bunduki aliishika, kofia akaiacha. Mtu mwingine angeificha kofia ile au angeitupa chooni. Mshonaji aliifua, akaipiga pasi ya makaa, akampelekea mwenyewe kambini, akimwita mkubwa kwa Kifaransa: "Chef, kofia yako hii. Banyigu bangu hapana jua grade ya mutu." Kusikia nyigu wasiojua cheo cha mtu, wenzake wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo nyumba zote za jirani zilichukuliwa, yake haikuguswa. Watu wakimsifu kwa walinzi wake, alijibu kwamba ni wazuri kweli, maana hawamwombi sigara.

Hapo ndipo familia ya dereva ilipotokea. Lori lake la wakati ule lilikuwa limenyang'anywa njiani, wakaja kwa miguu kutoka Beni, yeye, watoto, na mke mjamzito aliyekaribia kujifungua. Walilala kwenye baraza la shule nilikofundisha, na ninyi mnaijua baridi ya Butembo. Nyumba yangu ilikuwa imejaa ndugu waliokimbia kutoka Lubero hata jikoni. Nikawapeleka kwa mshonaji, nikitarajia atatupa shauri tu. Aliitazama miguu ya yule mwanamke, iliyovimba, kisha akaugeukia mlango wa nyumba yake.

"Mama," nikamwambia, maana niliyasoma mawazo yake, "ukitoa banyigu, askari bataingia kesho."

"Unasema kweli, Madamu. Mais lakini, angalia. Yenye inafukuza askari, ndiyo ile ile inafukuza huyu mama. Mulinzi gani hapana jua mugeni na mwizi?"

Dereva akaingilia kati, amejaa haya: "Mama, hatutaki kukuletea vita kwa nyumba."

"Vita iko hapa tangu zamani, baba. Weye unaniletea mutoto tu."

Usiku ule mvua ilinyesha, na kulipopambazuka baridi ilikuwa imewalemaza nyigu wote ndani ya kiota. Mshonaji alijifunika blanketi akaacha macho tu, akalowesha gunia la kahawa, akapanda juu ya meza niliyoishikilia. Alilipandisha gunia taratibu kutoka chini mpaka kiota kikazama ndani yake, mimi nikaiacha meza nikaubana mdomo wa gunia kwa mikono miwili, naye akakata shina la kiota kwa makasi yake ya vitambaa, yale ambayo hakumruhusu mtu yeyote akatie hata karatasi. Gunia likaenda kwenye pipa la maji, na mawe juu yake. Nyigu waliokuwa wamebaki kwenye boriti walimuuma mkono wa kulia. "Wasingya," akawaambia, kwa shukrani za Kinande kama mtu anayemlipa kibarua, "kazi yenu imeisha." Siku zilizofuata mkono ule ulivimba, sindano ikamshinda kushika.

Wiki haikwisha. Askari yule yule alirudi na wenzake, na kabla ya kusema lolote alitazama juu ya mlango.

"Banyigu biko wapi?"

"Nilibatoa."

"Donc, fungola," akamwamuru afungue, nusu Kifaransa nusu Kilingala. "Nyumba ni ya jeshi."

Ndani, mke wa dereva alikuwa ameshikwa na uchungu. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. Mshonaji akasimama katikati ya mlango, akaweka mkono wake uliovimba kwenye fundo la kikwembe chake, kitenge alichojifunga kiunoni. "Mwanangu," akasema bila kupandisha sauti, "miye ni sawa na mama yako. Unataka kuingia? Ingia. Mais mbele nitafungua hii kikwembe, upite na macho yako wazi." Msomaji wa huku hahitaji maelezo; wa mbali ajue tu kwamba mama wa umri ule akijivua nguo kwa hasira mbele ya kijana, kijana huyo ataibeba laana mpaka kaburini. Fundo halijalegea hata kidogo, askari akapaza sauti: "Maman, acha! Acha, tunaenda!" Akawasukuma wenzake mbele yake. Dereva hupenda kumalizia kisa hiki kwa kusema kwamba safari ile ya pili, kofia hakuisahau. Alasiri ile akazaliwa msichana, na wazazi wake wakampa jina la mshonaji, wakaliweka kando ya jina la Kiislamu, wala si padri wala si shehe aliyelalamika.

Nimeyawaza hayo tangu tulipomzika. Vita hivi, vya kwanza na hivi tulivyo navyo sasa, vimetufundisha kuvipenda vitu vya kutisha: mbwa mkali, vipande vya chupa juu ya ukuta, kijana wa mtaani aliyepewa bunduki akae langoni. Tunasema vinatulinda, na ni kweli, siwezi kubisha. Lakini wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumaanisha mgeni apite kwanza kwenye meno ya mbwa. Mji huu haukungoja hema wala msaada wa mtu. Uliwaweka waliokimbia katika vyumba vyake wenyewe, jikoni na barazani, na mimi najivunia kuwa mtu wa mji huo. Najivunia zaidi kwamba niliishika meza ile. Kinga ya kweli ya nyumba ni mtu aliye tayari kusimama mlangoni, kwa sababu yeye tu ndiye anayeweza kusema hapana kwa mmoja na karibu kwa mwingine.

Majuma machache baada ya mazishi, mwana wa pekee wa mshonaji, anayelima huko Manguredjipa, alinitumia neno kwa mdomo wa msafiri. Nyumba imekuwa tupu tena, nyigu wamerudi mahali pale pale juu ya mlango, na askari bado wanapita barabarani: je, awaache wamlindie? Nilimjibu kwa barua, na sioni sababu ya kuwaficha nilichoandika:

"Mwanangu, nyigu nimeshawatoa. Nilingoja alfajiri baada ya mvua, nikatumia gunia na makasi ya mama yako, na mkono wangu umevimba kama ulivyovimba wake. Pale barazani pa shule kuna mjane na watoto wake waliofika juzi. Jana wameingia ndani. Njoo haraka uwezavyo, maana ni nyumba yako, na neno la mwisho ni lako. Mpaka utakapofika, nimelihamishia dawati langu kwenye mlango ule, na ndipo ninapoandikia barua hii. Kikwembe changu nimekifunga vizuri."