Ndoo ya Udongo Siku ya Krismasi

Nilianza kuiota Krismasi ya mwanangu kabla hata hajatoka tumboni mwa mama yake. Mimi ni kinyozi hapa Somanda, mjini Bariadi, na kinyozi ana nafasi kubwa ya kuota. Mikono inazunguka kichwa cha mteja, macho yako kwenye kioo, akili inakwenda inakotaka yenyewe. Yangu ilikuwa inakwenda kwenye picha nilizoziona kwenye simu: baba, mama na mtoto, wote wamevaa rangi moja, wamekaa chini ya mti uliopambwa. Mwaka unaofuata ukuta ni uleule, nguo ni rangi ileile, ila mtoto amerefuka. Nikasema na sisi tutakuwa hivyo. Mtoto akija kukua, atazipanga picha zake sakafuni na kujiona anavyopanda, kutoka mapajani mpaka begani.

Niliwaeleza wateja karibu wote. Mmoja, mzee anayenyoa ndevu tu kwa sababu kichwani hana kitu, aliniuliza, "Kinyozi, mtavaa wote nyekundu?"

"Wote, mzee wangu."

"Hiyo ni Krismasi au kampeni?"

Tulicheka wote pale kibandani. Mimi nilicheka kuliko wote, maana nilikuwa na furaha ya mtu ambaye bado hajalipanga jambo lake vizuri.

Jambo lenyewe lilikuwa mama yangu.

Kwetu ni Ipililo, wilaya ya Maswa. Mama anaishi pale peke yake tangu baba afariki, analima pamba, mahindi na karanga. Krismasi kule inaangukia katikati ya mvua za kupanda, kwa hiyo watu wanakwenda kanisani na matope kwenye kucha. Na ukoo wetu una jambo lake ambalo sijaliona hata kwa jirani. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo, asubuhi ya Krismasi kabla ya ibada, anapelekwa shambani akiwa miguu mitupu. Bibi yake anamshika kwapani na kumkanyagisha mguu wa kulia kwenye udongo uliolowa, kwenye kona ya shamba la karanga, mpaka unyayo ubaki. Ndani ya unyayo ule anatia punje tatu za karanga na kufukia. Kuanzia siku hiyo mstari wa karanga unaoanzia pale ni wa mtoto. Miaka inayofuata ataupanda mwenyewe. Mama hakuzaliwa na jambo hili, alilikuta kwa mkwe wake alipoolewa, lakini ndiye anayelishika kuliko sisi tuliozaliwa nalo. Nikiwa darasa la tatu mstari wangu ulizaa kuliko wa kaka yangu, akaninunia mpaka tulipomaliza kuzitafuna.

Binti yangu alizaliwa mwezi wa tano. Kwa hiyo Krismasi ile ilikuwa yake, na mama aliihesabu tangu siku ile ile alipoletewa habari.

Ningeweza kumwambia ukweli. "Mama, mwaka huu tunabaki mjini, tunataka kuanza Krismasi yetu." Angejibu, "Sawa baba." Angesema tu hivyo. Ile sawa ndiyo niliyoiogopa. Ningeisikia masikioni siku nzima, hata katikati ya picha. Na kwa upande mwingine niliogopa kwamba tukienda Krismasi ya kwanza, basi tutakwenda zote, na ndoto yangu itabaki kibandani pamoja na nywele za watu.

Siku mbili kabla ya sikukuu nikampigia.

"Mwadila mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, mayu yaani mama, maana nikitaka kumdanganya mama huwa naanza kwa adabu.

"Mwadila baba. Mnafika kesho saa ngapi?"

"Mama, mtoto ana homa."

Ndani, nyuma yangu, mtoto alikuwa amekaa kwenye beseni la nguo akicheka kwa nguvu, mama yake anamfunika uso kwa kanga na kumfunua. Nikatoka haraka mpaka uani.

"Homa ya tangu lini?"

"Jana."

"Mmempima malaria?"

"Tumempima. Hana."

"Basi ni meno hayo." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwambie mama yake asimvishe manguo mengi. Na msimlete, njia imeharibika kwa mvua, atapigwa na baridi bure. Kona yake nimeiacha. Nimepanda shamba lote, kona yake nimeiacha."

"Sawa mama," nikasema mimi. Sawa ikatoka kwangu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni. Alikuwa ameyasikia yote.

"Wewe baba, unamsingizia mtoto homa?"

"Ni maneno tu."

"Ungejisingizia wewe. Sema wewe ndiye unaumwa. Mtoto hana mdomo wa kukataa."

Hakurudia tena. Lakini usiku na asubuhi nilikuwa nampapasa mtoto paji la uso, nikiogopa nisije nikakuta joto nililolitaja mwenyewe.

Mti niliupata. Ulikuwa tawi la mkrismasi lenye maua yake mekundu, nikalisimamisha kwenye ndoo ya mawe. Nikafunga maputo. Bado halikufanana na la kwenye simu, kwa sababu kule kuna theluji. Nikafikiri, hapa theluji tutaitoa wapi? Ndipo nilipouona mto wa mtoto. Mama ndiye aliyeushona, akaujaza pamba ya shambani kwake, aliyoichambua mbegu kwa vidole moja moja, ili kichwa cha mjukuu kilale pazuri. Nikafumua mshono upande mmoja, nikachomoa pamba kama nusu, nikaitawanya kwenye matawi. Ilipendeza kweli. Nilirudi nyuma hatua mbili kuitazama, na najua nilitabasamu.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda kanisani, tukarudi, tukapika pilau, tukavaa. Fulana nyekundu tatu. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Picha ya kwanza mtoto alitazama pembeni. Ya pili puto likapasuka, akalia. Ya tatu maua yalikuwa yameshaanza kunyauka na kuanguka, moja likamwangukia mke wangu kwenye nywele, tukaanza kucheka sisi wawili, mtoto naye akanyamaza akacheka. Nikambeba juu begani, muziki wa jirani unapiga, nikawa nacheza naye.

Bodaboda ikasimama nje.

"Kinyozi!" dereva akaita, ni mteja wangu. "Njoo umpokee mama yako. Tangu stendi kapakata hiyo ndoo kama kabeba mayai. Nimemwambia niifunge nyuma, kagoma!"

Mama alikuwa anashuka. Kitenge chake cha kanisani kilikuwa na matope mpaka magotini. Mkononi alikuwa na ndoo ndogo, ile iliyowahi kuwa ya rangi, ameifunika juu kwa mfuko na kuufunga kwa kamba ya katani. Alitoka kwenye ibada ya alfajiri, akapanda pikipiki mpaka Maswa, akapanda gari mpaka Bariadi, akapanda pikipiki nyingine mpaka kwangu.

Mimi nilikuwa mlangoni na fulana yangu nyekundu, mtoto begani, anapiga makofi.

Mama alimtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akautazama mti kwa muda kidogo. Kisha akaweka ndoo chini taratibu, akafuta mkono kwenye kitenge, akamgusa mtoto paji la uso kwa nyuma ya kiganja.

"Imeshuka," akasema.

"Imeshuka, mama," nikajibu.

Mke wangu akaondoka kwenda jikoni. Sikuweza kumfuata.

"Mungu mkubwa," mama akasema. "Katekista amewasimamisha watoto wote wa kigango wamwombee mwenzao. Kisha watu wakapiga magoti. Hata yule bibi mwenye mguu mbovu kapiga magoti, wakamwinua wawili."

Nilitaka ardhi ile ya Somanda ipasuke. Nikasema, "Karibu ndani, mama, karibu ukae," nikavuta kiti ambacho kilikuwa tayari mbele yake.

Hakukaa. Alifungua kamba ya ndoo. Ndani mlikuwa na udongo mweusi wa mbuga, umelowa, unanukia mvua.

"Kwa kuwa mtoto hawezi kwenda shambani," akasema, "nimeona shamba lije."

Alipiga magoti sakafuni. Akamvua mtoto viatu vyekundu nilivyomtafutia soko zima, akavipanga pembeni vizuri, akamshika kwapani, akamshusha ndani ya ndoo. Mtoto alishtuka kwa ubaridi, akakunja vidole, akavikunjua. Mama akamkandamiza mguu wa kulia. "Kanyaga mayu, kanyaga. Hapa ni kwenu." Alipomwinua, unyayo ulikuwa pale, mdogo kama jani la choroko, na vitundu vitano vya vidole. Mama akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge, akatoa punje tatu za karanga, akazitia moja moja, akafukia kwa kidole gumba.

Kisha mtoto akanyoosha mikono kwangu. Nikampokea, akanipiga teke la matope kifuani. Ile fulana mpaka leo ina doa.

Tulikula pilau. Mama aliisifu. Alipokuwa anamlaza mtoto baada ya kula, aliinua mto, akaupima mkononi, akaona ulivyolegea. Aliondoka akaenda kwenye mti, akaanza kuchuma pamba tawi kwa tawi, kama anavyovuna kwake, anatoa na vijani vilivyonasa. Akairudisha ndani ya mto, akamwomba mke wangu sindano, akashona.

"Mama, ni mimi niliye..."

"Lete mkasi," akasema.

Asubuhi yake nilimsindikiza stendi kwa bodaboda. Njia nzima nilikuwa na sentensi moja mdomoni. Ilikuwa fupi, ya maneno manne. Mama alikuwa anazungumzia kupalilia, ndoo mapajani. Gari likaja, akapanda, nikampa ndoo kupitia dirishani. "Udongo huu niuwahishe kwenye kona yake kabla haujakauka," akasema. Gari likaondoka na maneno yangu manne yakabaki na mimi. Nilikwenda kufungua kibanda. Yule mzee wa ndevu akauliza, "Picha zimetoka?" Nikamwambia simu ilileta shida. Nilishaanza kuzoea kudanganya wazee.

Picha ile yenye ua kwenye nywele za mke wangu ilitoka vizuri sana. Sikumrushia mtu yeyote.

Mwezi wa pili nilishindwa kuvumilia. Nilifunga kibanda siku mbili tukaenda Ipililo wote watatu. Karanga zilikuwa zimeshachanua maua ya njano. Kwenye kona palikuwa na mashina matatu yamesongamana pamoja, na kutoka pale mstari ulionyooka mpaka kwenye mpaka wa shamba. Mama alikuwa ameupanda wote. Mke wangu alikaa na mtoto kivulini, mimi nikachukua jembe, nikaanza kupalilia sambamba na mama.

"Mama," nikasema, "mtoto hakuwa na homa."

Aliendelea kulima. "Unaacha majani nyuma yako," akasema.

Nikarudi, nikang'oa. Tulipalilia mpaka karibu na mwisho wa mstari.

"Nilimsikia anacheka kwenye simu," akasema. "Mtoto mwenye homa hacheki vile."

Jembe likanisimama mkononi. "Ulijua? Sasa mbona kule kanisani, watu wamepiga magoti..."

"Ningewaambia nini?" Alisimama akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wananiuliza, mjukuu yuko wapi, kona mbona haijapandwa. Niwaambie kijana wangu hataki kuja?"

Nilikuwa nimemtwika mtu mwingine uongo wangu akanibebea, siku ya Krismasi, mbele ya altare, pamoja na ndoo.

"Nisamehe, mama."

"Lima," akasema. "Jua linapanda."

Tulilima. Baadaye kidogo, akiwa ameinama hata sikuuona uso wake, akasema tena: "Ule mti wenu siyo mbaya. Mtoto aliupenda. Lakini mwaka mwingine kama hamji, semeni hamji."

"Tutakuja, mama."

"Sijasema mje. Nimesema mseme. Ili nijue kama nibebe ndoo."

Kule kivulini mtoto alikuwa amemponyoka mama yake, anatambaa kuja kwetu juu ya matuta, udongo mdomoni. Mama akatupa jembe, akakimbia kumwahi kabla hajafika kwenye mstari wake.