Kwa Nini Dada Alificha Barua

Fundi cherehani huyu hakati kitambaa kabla hajakuuliza gauni unaenda nalo wapi. Ukimjibu ni la kuvaa tu, anacheka na kukwambia hamna hamna ndimo mlimo. Anayekwenda kumwonyesha mume wa zamani kwamba hajafa njaa hukatiwa tofauti na anayekwenda kuomba kazi. Na hakosei mara nyingi, lazima tumpe haki yake.

Kushona kunamlisha, lakini roho yake iko kwenye michezo ya redio. Ameandika minne, yote ikasikika, na huu wa tano alijua fika kuwa unaipita yote. Ndiyo maana aliwaka mhariri wa redio alipourudisha mara ya pili. Mle ndani, dada mtu anaificha barua ya mdogo wake ya kuitwa chuoni, kwa wivu. Mhariri alisema wivu ni jibu la mvivu, kila mwandishi analo mfukoni. Alete sababu inayoingia akilini kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Alhamisi alasiri akamsomea dada yake, ambaye kwa miaka ishirini wamekaa naye kibaraza kimoja, dada huyo akishona vifungo na kukosoa kila kinachopita mbele ya macho yake. Safari hii hakukosoa. Alisikiliza hadi mwisho, sindano imesimama kwenye kitambaa.

"Si wivu, mdogo wangu," alisema. "Mama alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani. Wewe ndiye uliyejua kumwogesha na kumtuliza. Mimi nilikuwa namwogopa. Ungeondoka, angenifia mikononi."

Fundi alidhani barua ya kwenye mchezo ameibuni. Yake mwenyewe, ya chuo, hakuwahi kuiona, na miaka yote hiyo aliilaumu posta.

Hasira zilimpanda mpaka masikio yakavuma. Alitaka kumfukuza, alitaka kumuuliza kama barua bado ipo. Lakini alimwamini, neno kwa neno, na hilo ndilo lililomuuma zaidi, maana hata yeye, angekuwa ndiye dada, huenda angeificha. Akavuta daftari, akalikata neno wivu kwa mstari mmoja.

"Sema tena," alimwambia dada yake. "Polepole, niandike."