Mzee wa Besi ya Kwanza

Mume wangu alikuwa mtu wa maoni. Siasa na dini aliwaachia wenzake. Maoni yake yote yalikuwa juu ya besiboli, mchezo ambao watu wetu wa Maryland waliucheka mpaka wakachoka. "Mchezo gani huo," walikuwa wakimwambia, "watu wazima wamesimama uwanjani kama wanangoja basi?" Hakujali. Alifanya kazi kwenye jengo la kuegesha magari katikati ya Washington, ndani ya kibanda cha vioo, na Mmarekani aliyemkabidhi kibanda alimwachia na redio yake. Msimu wa kwanza alisikiliza bila kuelewa, wa pili akaelewa, wa tatu akaanza kuwasahihisha watangazaji.

Kwao Tanga alikuwa mtu wa baraza, wa kubishania mpira wa miguu mpaka chai inapoa. Huku hapakuwa na baraza, basi baraza nikawa mimi. Nikikaanga samaki, yeye yuko mlangoni mwa jiko na gazeti, ananieleza nani apandishwe na nani ateremshwe. Niliyajua mambo ya vijana wale kuliko ya wifi zangu.

Timu kubwa, zile za kwenye televisheni, alizidharau. Alisema zinanunua wachezaji kama watu wanavyonunua gari la mtumba, kwa kusikia jina, bila kufungua boneti. Aliyoipenda ilikuwa timu ndogo yenye uwanja wake kando ya barabara kuu, huku kwetu Maryland, ambako vijana hulelewa mpaka waive ndipo wapelekwe juu. Kulikuwa na mrushaji mmoja kutoka Dominika, wa mkono wa kushoto, ambaye magazeti yalitaka apandishwe mwaka uleule. Mume wangu alikuwa akigonga meza. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni! Mtoto hajajifunza kurusha mpira wa polepole, wanataka kumtupia simba." Kulikuwa na mdakaji mnene ambaye kila mtu alimcheka, naye akaapa kwamba huyo ndiye atakayefika mbali kuliko wote, kwa sababu akikosea hanuni. Nilimwambia kama kutonuna ndiyo sifa, mbona mimi hanipandishi. Akacheka siku nzima.

Nasema haya ili ijulikane alikuwa mtu wa furaha.

Mama yake alikuwa mgonjwa Tanga tangu Ramadhani. Yeye hakuweza kwenda. Karatasi zake zilikuwa bado kwa wakili, na akitoka asingerudi. Alichobaki nacho cha mama yake ni sauti. Alinunua kadi za simu dukani kwa Wahabeshi, akawa anapiga kwenye nyumba ya jirani yao wa kule, wanakwenda kumwita, na mama anakuja polepole na fimbo yake. Siku alizozungumza naye alilala vizuri. Mwezi ule tulihama kutoka Oxon Hill kuja Silver Spring, mambo yakawa mengi, simu ikachelewa kuunganishwa, na majuma mawili matatu yakapita bila kuisikia sauti ile.

Jumapili asubuhi, yeye yuko bafuni, simu ikalia. Alikuwa mzee wetu, Mzanzibari mmoja aliyetutangulia Marekani kwa miaka mingi. Kila ndoa na kila msiba wa Waswahili wa upande wetu ulipitia kwake.

"Mwanangu, uko peke yako?"

Nikamwambia ndiyo.

"Wamenipigia kutoka Tanga. Wamesema mumeo apige simu nyumbani upesi, kisha laini ikakatika. Najaribu kurudisha haishiki." Akashusha sauti. "Ingekuwa ni ugonjwa wangempigia mwenyewe. Wamenipigia mimi. Umefahamu?"

Nilifahamu. Nani asingefahamu? Kwetu mtu hapewi habari ya msiba amesimama, yuko peke yake, na simu mkononi. Habari inakwenda kwa mkubwa, mkubwa anakusanya watu, mtu anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa, na mikono ya kumshika ipo. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa kifo cha baba yangu, na mpaka leo nashukuru.

"Leo watu wengi wako kazini," mzee akasema. "Watakusanyika kwenu jioni. Mlikuwa na safari gani leo?"

"Mpirani."

"Basi mpeleke huko huko. Ale, acheke. Ila simu asiiguse."

Nikavuta waya wa simu kutoka ukutani nikamwambia mume wangu imeharibika. Akasema simu ya juzi tu imeshaharibika, Wamarekani nao wamekuwa wezi. Nikampikia chapati. Alikula nne.

Ufunguo wa mlango nilimwachia jirani. Tukaenda.

Uwanja ulikuwa nusu tupu na jua lilikuwa kali. Alikaa pale alipopapenda, nyuma ya besi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, akafungua gazeti, na kabla mtu hajarusha mpira akanishika mkono.

"Bibie, angalia pale benchi. Yule kijana mwenye namba mpya, unamwona? Wamemleta jana kutoka daraja la chini. Anacheza besi ya kwanza."

Nikamwambia besi ya kwanza ina mwenyewe. Nilimjua hata mimi: mwanamume wa makamo, ndevu zina mvi, aliyewahi kucheza timu kubwa zamani, sasa goti moja lilikuwa halikunjiki. Mume wangu alimpenda na alikuwa ameshasema tangu msimu uanze kwamba muda wake umekwisha.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Besi moja, watu wawili. Watamrelease leo baada ya game. Uwanja mzima unajua, magazeti yanajua, mpaka muuza soda anajua. Yeye tu ndiye hajui."

Nilitazama mbele.

"Si kwamba nasema wasimwache," akaendelea. "Amekwisha, na mtoto lazima apewe nafasi. Hilo sibishani. Nabishana jinsi. Mimi ningekuwa coach ningemwita asubuhi, kabla hajafunga viatu. Ningemwambia mzee, hivi na hivi. Atukane, alie, apige simu kwao, ni haki yake. Lakini kumwacha mtu mzima acheze, wenzake wote wanamwangalia wanajua mzigo wake umeshafungwa? Huo ni ukatili, bibie. Wanasema wanamhurumia. Wanajihurumia wenyewe."

"Labda wanataka acheze kwa furaha mara ya mwisho," nikasema. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Furaha gani ya kudanganywa?"

Nilitamani kumpiga kofi. Nilitamani kumwambia pale pale, katikati ya watu wanaokula soseji. Nikamfikiria anaanguka kwenye ngazi zile za saruji, na mimi peke yangu, na Wazungu wanatuangalia.

Mchezo ule hauna saa. Una zamu tisa, na timu zikifungana zinaongezwa zamu moja moja mpaka moja ishindwe, hata ikifika usiku. Hili alinieleza mara nyingi kwa fahari, kwamba ndio mchezo pekee duniani usiomwonea mtu kwa muda. Karibu na zamu ya saba akasimama, akajipapasa mfukoni, akatoa kadi ya simu.

"Kuna simu pale mlangoni. Ngoja nimpigie mama dakika mbili. Hata namba mpya sijampa."

Namba mpya. Aliitaja waziwazi, na mimi nilikuwa nimeshughulika kutafuta uongo.

"Kule usiku saa hizi," nikamwambia. "Utamwamsha jirani wa watu? Mgonjwa naye amelala. Utapiga kesho mapema."

Akaangalia saa yake, akahesabu. "Kweli," akasema. "Acha apumzike." Akakaa.

Zamu tisa zikaisha timu zimefungana. Ya kumi ikapita, ya kumi na moja ikapita. Mume wangu alikuwa na raha kama mtoto wa sikukuu. Mdakaji mnene akakosea, hakununa, nikaonyeshwa. Mkono wa kushoto wa Dominika alikuwa ameshatolewa zamani, mume wangu akasema nilikuambia hajaiva. Mimi nilikuwa nahesabu watu wanaoingia nyumbani kwangu, nani ameleta sufuria, nani anatandika mikeka.

Ilipofika ya kumi na mbili, mzee wa besi ya kwanza akashika gongo. Akaupiga mpira ukapita juu ya vichwa vya wapinzani ukaanguka majanini, mwenzake akakimbia akafika akapata bao, mchezo ukaisha. Wachezaji wakamrukia. Yule kijana mwenye namba mpya naye alitoka benchi akamkumbatia, akaangalia chini.

"Ameshinda game," mume wangu akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Na bado hajui."

Kocha alimwekea mkono begani wakaingia ndani pamoja.

Tuliporudi, maegesho ya jengo letu yalikuwa yamejaa magari ya watu tunaowajua. Aliyaona. Alipanda ngazi mbele yangu, na mlango ulipofunguliwa viatu vilikuwa vimejaa mpaka nje kwenye korido. Mzee akasimama, akamshika mikono yote miwili, akamkalisha, akampa maji, akamwambia mama ametangulia. Wakasema sote ni wa Mwenyezi Mungu. Alilia kwa sauti, na mikono ya kumshika ilikuwapo, kama inavyotakiwa. Nikasema moyoni, jambo limepita.

Alipopoa kidogo akataka kuzungumza na dada yake. Nikairudisha simu ukutani. Kule ilikuwa usiku mkubwa, lakini ilipokewa mara moja. Chumba kilikuwa kimya, na dada alikuwa akilia kwa nguvu, kwa hiyo kila aliyekaa karibu alisikia.

"Tumekungoja kaka! Tumekungoja tangu mchana! Tulimbeba mama na kitanda chake tukamlaza hapa hapa kwa jirani, kwenye simu. Kila ikilia anauliza, ni yeye? Mpaka saa sita ya usiku anauliza. Amekata roho baada ya saa sita."

Akauliza, "Mbona hamkunipigia mimi?"

"Namba yako haiiti, kaka. Tumepiga tumepiga. Ndio tukampigia mzee."

Saa sita ya usiku Tanga ni saa kumi na moja jioni kwetu. Zilikuwa zamu za nyongeza.

Mzee wetu alikuwa bado na bilauri ya maji mkononi. Nilimwona akikaa chini polepole, uso wake umekuwa wa kijivu, na sikuwa na huruma naye hata chembe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyofunzwa tangu chuoni. Mimi nililisikia la mkuu, nikalitii mpaka mwisho, na guu likavunjika vilevile. Nilitaka wote watoke nyumbani kwangu na masufuria yao. Nilitaka pia wasitoke, nisibaki naye peke yangu.

Mume wangu aliweka simu. Alikaa hivyo, mkono juu ya simu, gazeti la mpira bado limekunjwa mfukoni mwa shati. Kisha akainua macho akaanza kuwatazama mmoja mmoja: wanaume waliokaa kwenye mikeka, wanawake waliojazana mlangoni mwa jiko, jirani niliyemwachia ufunguo. Mwisho akanifikia mimi.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Na hawa?"

Nilitikisa kichwa tu kukubali.

"Wote?" akauliza.

"Wote," nikasema.