Kisima Chini ya Matuta ya Viazi

Boda iliyonitoa Malaba ilinishusha Mella, upande wa Uganda, kando ya ua wa minyaa, na kabla sijapita langoni mwanamke akaniita kutoka ndani.

"Mgeni, zungukia huko. Hapo usikanyage."

Huyo alikuwa Apolot, mjane niliyepanga chumba kwake kwa mwezi mmoja. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi viwikoni. Mbele ya nyumba palikuwa na shimo, na ndani yake mwanamume aliyeonekana kuanzia mapajani kwenda juu, akishindilia udongo kwa mchi wa kutwangia. Aliitwa Okwi, mchimba dhahabu wa mashimo ya Tiira.

Kisima kile kilichimbwa na marehemu mume wa Apolot. Kijiji kilipopata bomba la kupampu maji ya ardhini, Apolot alifanya wanavyofanya wengi: alitupia takataka, akalaza mabati mdomoni, akafukia udongo na kupanda viazi. Miaka minane amevuna viazi juu ya shimo tupu. Jumapili iliyopita mabati yalikatika kwa kutu. Mbuzi akazama. Kamba yake ilikuwa mkononi mwa Harriet, mtoto wa jirani, miaka sita. Kwa bahati nzuri mtoto aliiachia.

Okwi alikataa kufukia ovyo. Kwanza aliteremsha mshumaa kujua kama kuna hewa, wanavyofanya Tiira. Kisha akatoa takataka zote, na mbuzi, akisema uozo ule ungefika kwenye maji ya bomba. Akatia klorini, akajaza mchanga safi mpaka ukapita usawa wa maji, halafu udongo wa kichuguu, tabaka moja moja. Hiyo ilikuwa siku ya nne. Zilibaki futi mbili, na zege la juu.

Saa nane simu ya Apolot ililia. Bintiye Bridgit, aliyeolewa Busia upande wa Kenya, alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake, na damu ilikuwa inatoka. Mkwe alisema neno moja mara tatu: njoo.

Mwamba wa Tororo ulikuwa umeshapotea ndani ya wingu.

"Nenda, mama," Okwi alisema. "Mvua ikinyesha, nafunika na miti. Kesho namaliza."

"Mimi pia nilifunika."

Okwi akashika tena mchi. Udongo ukilowa haushindiliki, na zege lingeoshwa. Apolot alichukua panga, akaingia jikoni, kibanda cha pembeni, akapanda juu ya kinu na kuanza kung'oa misumari ya paa. Nilipokea mabati manne. Tuliyaegemeza juu ya shimo, kwenye miti tuliyosimika kandokando, wakati matone ya kwanza yakianguka.

"Kesho utapikia wapi?" Okwi aliuliza kutoka chini.

"Wewe shindilia."

Maji ya mvua yalijaa jikoni, majivu yakaelea hadi mlangoni. Apolot alipitisha karai za udongo mkavu, mimi nikishikilia bati lililotaka kuruka. Simu ililia tena. Aliipokea kwa vidole viwili. "Nakuja. Mwambie nakuja. Mshike mkono, usimwache." Akarudi kwenye karai. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Saa kumi na moja zege lilikuwa limelazwa na kusawazishwa kwa ubao. Boda ilikuwa ikingoja. Apolot hakunawa.

"Kuanzia kesho ulimwagilie maji, asubuhi na jioni, siku saba," aliniambia. "La sivyo litapasuka. Na Harriet asilipande, hata akilia."

"Sawa, mama."

Alikuwa akipiga simu Busia. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena, akapanda boda, akaondoka simu ikiwa sikioni, na mpaka wanapinda kwenye minyaa sikusikia akisema halo.

Okwi alikuwa akiosha mchi. Mimi nilisimama na ndoo, sijui hata chumba changu ni kipi.