Matambara Yote

Siku ya kumfukuza, mumewe alifoka, "Beba matambara yako yote uende!" Naye akayabeba yote, hata lile aliloshindilia mwenyewe kwenye buti la gari lao kuukuu ili jeki isigonge bodi.

Leo mume huyo yuko mlangoni kwa mke aliyemfukuza, uso umemshuka. Gari linagonga nyuma, ko-ko-ko, kila penye shimo. Mafundi wamebadilisha shokomzoba na bushi, wapi! Mke mpya amegoma kulipanda.

"Mama watoto, gari hili unalijua. Nini kinagonga?"

Mwanamke akalitikisa gari, akatega sikio kama daktari.

"Pole, baba watoto. Hiyo ni difu. Waifumue yote."

Mume akashukuru sana. Yeye akarudi ndani, akalichovya lile tambara kwenye ndoo, akaendelea kupiga deki huku akiimba.