Mbegu Niliyoichemsha

Nilikuwa muke wa katekista, upande wa Wamaza, kule Kabambare, wakati wa Wabelgiji. Kila siku ya Mungu, sala ikiisha, nilibaki na wanawake kuwafundisha Amri. Nilikuwa mukali. Aliyesema uongo nilimusimamisha mbele ya wenzake.

Pamba ilikuwa ya Leta, ile serikali yao, kila nyumba ililima kwa lazima. Wanawake wengi walichemsha mbegu kabla ya kuipanda, isiote, waseme udongo ni mubaya, shamba libaki la muhogo. Niliwaambia wazi: huo nao ni uongo.

Halafu mwaka mumoja muhogo ukatuishia. Nikafunga mulango wa jikoni, nikachemsha mbegu. Leta ilitupa kitunga kimoja cha mashamba mawili, langu na la jirani yangu, mujane Mwislamu. Sikumwambia. Alipanda nusu yake bila kujua, wala mume wangu hakujua.

Tangu hapo hofu haikuniacha. Kila mvua ikinyesha nilitoka kuangalia udongo. Nilimuomba Mungu mbegu iliyoiva iote. Ujinga gani ule!

Moniteri, musimamizi wa pamba wa Leta, akaja asubuhi na polisi, kiboko kwenye bega. Alichimbua mbegu, akaipasua kwa ukucha.

"Hii imeiva, imekosa chumvi tu!"

Polisi akacheka. Wanawake wangu wa Amri walisimama na majembe, wakiangalia chini.

"Kitunga kilikaa kwa nani?" moniteri akauliza.

"Bwana, mimi hata chungu kubwa sina," mujane akasema.

Moniteri akaangalia rozari shingoni mwangu. "Muke wa katekista hawezi kufanya hivi. Ni wewe, mama mujane. Utakwenda gereza ya Kabambare."

Mujane akanigeukia. "Mama Katekista, sema basi. Wewe hausemaka uongo."

Hakunisingizia. Aliniita shahidi! Nilijua nikikubali, kiboko kitamuangukia mume wangu, maana Leta ilipiga mwenye nyumba. Alikuwa amesimama pale pale.

"Ni miye," nikasema. "Chungu iko jikoni."

Mume wangu aliniangalia mara moja tu. Akavua shati mwenyewe, akalala chini katikati ya shamba. Alivyolia sitaandika.

Mujane alileta mafuta ya mawese ya kumupaka mugongo. Aliyaweka mulangoni, akaenda bila kunisalimia.

Siku ya Mungu mume wangu aliongoza sala kwa kusimama, kukaa hakuweza. Mwishoni akaniambia mbele ya wote: "Bakia na wanawake, kama siku zote."

Niliwaogopa kupita polisi. Nilisimama pale pale nilipozoea kuwasimamisha waongo.

"Amri ya nane," nikasema. Nikasubiri wacheke.

Ndipo bibi mumoja muzee akasema kutoka nyuma: "Endelea, Mama. Hata sisi tuko na vyungu."

Nikaendelea: "Usiseme uongo."